Mursik: Kazi Imo Kibuyuni

Wafugaji wa kulungu-aktiki wa Yamal, kaskazini kabisa mwa Urusi, hawana hofu ya nyama kuoza majira ya baridi. Baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri, nyama huwa ngumu kama jiwe, nao huikata vipande vyembamba na kuila hivyo hivyo. Kwetu Muhoroni, magharibi mwa Kenya, jua la mashamba ya miwa halimpi mfugaji nafasi hiyo. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yakiachwa mabichi, jioni yamekwisha kuchachuka.

Wafugaji wa Kinandi, walio juu ya ukingo wa milima unaotutazama, hawakushindana na uchachu. Waliutawala. Ndiyo mursik, maziwa ya mgando yanayowapokea wanariadha wetu wakirudi na medali.

Wengi hudhani siri ni maziwa. Siri ni kibuyu, sotet. Huoshwa kwanza kwa maji moto na kusuguliwa ndani kwa sosiot, ufito uliopondwa ncha ukawa kama brashi. Kikishakauka, kijiti cha senetwet, mti mdogo wa maua ya njano, huchomwa mpaka kiwe kaa jekundu. Kaa hilo huingizwa kibuyuni na kusagwa kwenye kuta za ndani. Mama hukizungusha kibuyu pole pole, akisikiliza kaa linavyokwaruza, hadi unga mweusi ushike kote. Unaozidi hukung'utwa. Nimewahi kutazama kazi hii mwanzo hadi mwisho. Haina njia ya mkato.

Maziwa huchemshwa, hupozwa, hutiwa kibuyuni, kisha kibuyu hufunikwa na kuwekwa penye ubaridi kwa siku kadhaa. Bakteria waliobaki kwenye vinyweleo vya kibuyu hula sukari ya maziwa na kutoa asidi, na vijidudu vingi vya kuozesha havistahimili asidi. Mkaa nao huleta rangi ya kijivu na harufu ya moshi.

Lakini si kila mgeni kibuyuni ni rafiki. Watafiti wamekuta asetaldehaidi, kemikali inayotengenezwa na baadhi ya vijidudu na inayohusishwa na saratani ya umio, katika baadhi ya sampuli za mursik. Kwa hiyo usafi wa kibuyu si mapambo ya mila.

Ukiuziwa mursik katika chupa ya plastiki, muulize muuzaji iligandia wapi, na ikiwa ni kibuyuni, kibuyu hicho kilisuguliwa lini mara ya mwisho.