Zamu ya Maji

Ufundi wa wafugaji ninaouvulia kofia kuliko mwingine wowote ni wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia: visima virefu viitwavyo tula. Viko katika makundi tisa, Dubluk likiwa mojawapo, na vyote vilichimbwa kwa mikono.

Kisimani hufiki moja kwa moja. Kwanza unashuka njia iliyochongwa ardhini, pana kiasi cha kupitisha ng'ombe, kuta zikirefuka kila hatua mpaka nyika yote inapotea machoni. Ni korongo lililotengenezwa na binadamu. Mwisho wake lipo birika la udongo la kunyweshea, na nyuma ya birika ndipo shimo lenyewe linapoanzia. Kila mita anayoteremka ng'ombe ni mita ambayo mtu hatapandisha maji. Hapo ndipo ninapowasifu zaidi wachimbaji wale.

Shimoni vijana hujipanga mmoja juu ya mwenzake, kwenye ngazi za magogo na vikanyagio vya mwamba. Wa chini kabisa kasimama majini. Huchota, hurusha, mwenzake hudaka, hurusha, chombo kilichojaa kikipanda, kitupu kikishuka kwa mikono ileile. Zamani chombo kilikuwa cha ngozi, leo ni ndoo ya plastiki au dumu lililokatwa. Wimbo ndio unaoshika mwendo, kwa hiyo hawanyamazi mpaka kundi lishibe.

Hata hivyo, kazi kubwa kuliko zote haina jasho. Kiangazi ng'ombe hunywa kila siku ya tatu, na mzee wa zamu, abba herega, ndiye anayepanga kundi lipi litangulie na kuhakikisha birika limesafishwa na kukandikwa. Haki ya kunywesha hutokana na ukoo na nguvu aliyoitoa mtu kisimani. Fedha haiinunui.

Kinyume chake, kisima cha mashine kinachotoa maji mchana kutwa bila msimamizi huvuta makundi kutoka kila upande, na nyasi zilizokizunguka huisha. Sipingi mashine; migongo ya vijana wale inastahili kupumzika. Ila nawaomba wanaopeleka mitambo Marsabit na Isiolo, waliko Waborana wa Kenya: kabla ya kutoboa ardhi, kaeni na wazee mkubaliane zamu ataishika nani.