Filme ya kuogopesha na mtu asiyeitaka

Katika kitabu kidogo hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, mahari na majina ya ukoo. Ndugu msomaji asishangae basi kukuta hapa habari ya filme za kuogopesha. Zimeingia nyumbani mwetu siku nyingi, zinaangaliwa saa ileile ambayo zamani ilikuwa saa ya hadithi, na anayeumia si yule anayezipenda. Anayezipenda anacheka. Anayeumia ni yule ambaye hakuitaka: mama anayepita na sahani, mgeni aliyepewa kiti, mtoto ambaye analala palepale kwenye salo na hana chumba kingine cha kukimbilia.

Wengi hudhani kinachomwogopesha huyu ni damu. Sisi hatukubali. Tuchukue Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Mwanamke anauawa kwa kisu akiwa anaoga, lakini kile kisu karibu hatukioni kikiingia mwilini. Filme yenyewe haina rangi, na ile damu ilikuwa maji mazito ya chokola. Kinachobaki ni violini za Bernard Herrmann, zinazolia kama kitu kinachochanwa. Hitchcock alitaka kwanza pale pasiwe na muziki wowote. Herrmann akautunga hata hivyo, na Hitchcock alipousikia akakubali. Vilevile Jaws ya Steven Spielberg (1975), ile inayoitwa Les Dents de la mer kwa Kifaransa: yule papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara katika maji ya chumvi, ikabidi aonyeshwe kidogo tu, na mahali pake zikasikika noti mbili za John Williams. Na katika The Exorcist (1973), yule binti wa miaka 12 anapoingiwa na shetani, sauti inayotoka kinywani mwake ni ya mwanamke mzima, Mercedes McCambridge. Basi kazi kubwa inafanywa na sauti.

Sasa mtu asiyetaka anafanya nini? Anafunika macho! Hapo ndipo anaponaswa, kwa sababu masikio hayana kope. Anabaki na sauti peke yake, na picha anazitengeneza mwenyewe, kwa vitu vya kwake: mlango wa jikoni, njia ya kwenda chooni, shangazi aliyezikwa mwaka jana. Wenzake wanaona mashine. Yeye anaona papa. Anauliza, "Ilisha kupita?" Nao, kwa ubaya wao, wanamjibu, "Fungula macho, ilisha!", na kumbe haijapita.

Mtu atatuambia: hata hadithi za jioni zilisikika gizani, na zimwi lilikuwa linakula watoto wazima wazima. Ni kweli, na hakuna aliyetuficha. Lakini mwenye kusimulia alikuwa na macho. Aliona mdogo amejisogeza kwa mama yake, akapunguza sauti, akamleta sungura mapema kuliko kawaida. Tena kulikuwa na wimbo. Zimwi lilipokaribia, wimbo wake tuliuitikia sisi wenyewe, kwa vinywa vyetu na makofi yetu, na kitu unachokipigia makofi hakiwezi kukushinda kabisa. Filme haina macho. Haijui nani amekaa mbele yake, haimpi sehemu ya kuimba, na muziki wake unatungwa dhidi ya anayeusikiliza.

Tusisifu mambo ya zamani kupita kiasi. Hapa Katanga, wakati wa Wabelgiji, watu waliogopa mutumbula: ilisemwa kwamba Wazungu wanawakamata watu weusi usiku ili wawale. Ile haikuwa hadithi, ilikuwa habari. Haikuwa na kiitikio, haikuwa na mtu wa kusema "hapa imekwisha, mukalale". Ndiyo maana ilitisha kuliko mazimwi yote.

Kwa maoni yetu, filme nyingi za Nigeria ni ndugu za mutumbula kuliko za zimwi. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyotolewa na Kenneth Nnebue, haina papa wala jumba la Wazungu. Kuna salo na viti kama vyetu, na kijana Andy anayetafuta pesa. Ili azipate, anamtoa sadaka mke wake Merit, mke anayempenda, halafu mzimu wake unamrudia. Mtu asiyetaka hapa hana pa kujificha. Hawezi kusema "bile ni bintu bya kwabo". Anaambiwa kwamba hatari inakula naye ku meza moja.

Na kwetu huo si mchezo. Tangu miaka ya 1990, katika miji yetu watoto wengi wamefukuzwa nyumbani eti ni wachawi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Hatusemi filme ndiyo iliyowafukuza; kuna umaskini, kuna vifo, kuna wahubiri wa kila namna. Lakini woga ambao hakuna aliyeufunga jioni unaamka asubuhi ukitafuta mtu, na mara nyingi unampata yule asiye na mama pale nyumbani.

Kinshasa, filme hizo zilipopita kwenye televizyo, alikuwapo mtu wa kuzifasiri kwa Lingala juu ya sauti za wachezaji. Wasomi wengine waliona ni uharibifu. Sisi tunaona afadhali: angalau kulikuwa na mtu anayesema nasi. Darasani tumejaribu jambo la namna hiyo, tukiwaomba wanafunzi wasimulie mbele ya wenzao filme iliyowanyima usingizi. Wanaanza kwa sauti ndogo. Wakifika mahali pabaya wanawatazama wenzao, wanasimama kidogo, na darasa linajibu. Mmoja, alipofika kwa yule mzimu, aliuwekea wimbo, na benchi la nyuma likaitikia.