Fair Isle: Rangi Mbili kwa Mstari, na Siwezi Kuacha

Jamani, mbona hakuna aliyeniambia mapema? Miaka yote hii nafuma masweta ya rangi moja, nikiona nimeweka urembo mkubwa kumbe nimeongeza kola tu. Sasa nimeshika kofia ya mtindo wa Fair Isle, imefika nusu, na chakula kinapoa mezani kwa sababu nataka kuona mstari unaofuata utatokeaje. Halafu unaofuata. Halafu ule mwingine!

Kwa wasioijua, Fair Isle ni kisiwa kidogo cha Uskoti, kati ya Orkney na Shetland, chenye urefu wa kilomita 5 hivi na wakazi wasiofika 100. Ufumaji wao wa nakshi ulivuma duniani miaka ya 1920, pale mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward VIII, alipovaa sweta lao kwenye gofu huko St Andrews. Tangu hapo matajiri wakalitaka.

Lakini historia tuiache, niwaambie kilichonikamata. Ukilitazama sweta la Fair Isle unahesabu rangi nane, kumi, hata zaidi, unasema hii kazi ya majini. Sasa chukua mstari mmoja uufuate kwa kidole: rangi mbili tu! Kila mstari ni hivyo hivyo, moja ya nakshi na moja ya mandhari. Uchawi upo kwenye kubadilisha. Nakshi inaendelea kujengeka, huku rangi ya mandhari ikihama kila baada ya mistari miwili mitatu, kutoka bluu iliyoiva hadi bluu ya mawingu, hadi kijivu, kisha inarudi ilikotoka. Katikati ya nakshi unatupa mstari mmoja wa rangi kali, nyekundu au manjano, na kitambaa kizima kinaamka. Kanuni ndogo namna hiyo, na hutamaliza kuicheza maisha yako yote.

Uzi usiofumwa kwa wakati huo unapita nyuma. Geuza kofia ndani nje uone: nyuzi zimelala sambamba, fupi fupi, zimetulia. Hizo ndizo zinazoleta joto, maana ni kama umevaa nguo mbili. Pia ndizo zinazozitia adabu nakshi zenyewe: uzi ukipita mbali sana nyuma, vidole vitaunasa wakati wa kuvaa, kwa hiyo michoro ya asili hairuki vitanzi vingi. Na usivute! Kabla ya kubadili rangi, tandaza vitanzi kwenye sindano ya kulia, ndipo upitishe uzi. La sivyo kofia itajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Mimi nashika rangi moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto. Mwanzoni vidole vinagoma, baadaye vinashika mwendo vyenyewe.

Na uzi wenyewe sasa! Ninaoutumia ni Spindrift wa Jamieson's, unaosokotwa Sandness, huko huko Shetland. Bonge moja ni gramu 25 na mita 105, na rangi zake zinapita 200. Usogeze karibu na dirisha: nyingi si rangi moja. Kijani hiki nilicho nacho kina chembe za manjano na zambarau ndani yake, kwa sababu sufu hutiwa rangi na kuchanganywa kabla ya kusokotwa. Ndiyo maana rangi ambazo dukani ungeapa zinagombana, kwenye kitambaa zinapatana. Kasoro? Unawasha shingoni, na bei pamoja na usafirishaji inauma. Na kwa joto la Dar es Salaam, kofia hii itasubiri safari ya Njombe.

Lililobaki kunitisha ni mkasi. Sweta la kufungua mbele hufumwa kwanza likiwa bomba zima, halafu unalikata katikati, kwenye vitanzi vya ziada vilivyoachwa makusudi. Halifumuki, kwa sababu sufu ya Shetland hung'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe. Nyuzi za akriliki za madukani kwetu zinafaa kabisa kujifunzia, ila hizo zinateleza, usizikate hivi hivi.

Uamuzi wangu: tisa kwa kumi, na hiyo moja imeliwa na shingo inayowasha. Anza na kofia, usianze na sweta. Usinunue kifurushi ambacho rangi zake zimechaguliwa na mtu mwingine. Utamu wote utakuwa umemwachia yeye. Panga mabonge yako mezani, yapige picha kwa simu, kisha iondolee picha rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Mabonge mawili yakionekana kijivu kile kile, usiyaweke kwenye mstari mmoja, maana nakshi itapotea.