Mtunza Nyasi wa Majira ya Baridi

Kila mwaka, Juni inapokutana na Julai, mamilioni ya watu huwasha televisheni kutazama tenisi ya Wimbledon, na kabla mpira wa kwanza haujapigwa wamekwisha kuuona uwanja: kijani kibichi, sawasawa, hauna hata doa. Mtangazaji huugusia kwa sentensi moja kisha akahamia kwa wachezaji. Mimi hubaki kwenye nyasi. Tangu 2001 viwanja vya pale vimeoteshwa nyasi ya raigrasi peke yake, na mashindano yanapoanza huwa imekatwa hadi milimita 8. Uzuri huo haupatikani kwa kazi ya wiki mbili tatu. Huanza kujengwa mara tu mashindano ya mwaka uliotangulia yanapokwisha, kisha hulindwa Desemba, Januari na Februari na watu wasiopigiwa makofi na yeyote. Hao ndio ninaotaka kuwasifu, wao na wenzao wa viwanja vidogo vya kriketi vijijini, wa bustani za umma, na wa vipande vya nyasi mbele ya nyumba kutoka Leicester hadi Minneapolis.

Sisi tuliokulia kwenye ukoka tunazijua nyasi zenye adui mmoja mkubwa, kiangazi. Zinakauka, zinabadilika rangi, mvua ikinyesha zinaamka zenyewe. Hata nyasi ya kikuyu, iliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki ikasambaa hadi Australia na California, huko ilikofika imependa maeneo ya joto, kwa sababu haihimili jalidi kali. Nyasi za kaskazini zimeumbwa vingine. Raigrasi na jamaa zake hustawi hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 24 hivi za Selsiasi. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 au 6, ukuaji karibu husimama kabisa. Anayeziona kwa mara ya kwanza Januari, zimefifia na kulala chini, hudhani zimekufa. Hazijafa. Pale shina linapokutana na mzizi, usawa wa ardhi, pana kitovu kidogo kilicho hai, na majani yote ya Aprili yatatoka hapo. Kazi yote ya mtunza nyasi katika baridi ni kukilinda kitovu hicho, na sehemu kubwa ya kukilinda ni kukiacha.

Hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Mtu yeyote mwenye nguvu anaweza kufanya kazi. Kujua siku ya kutofanya ni elimu nyingine. Asubuhi ya jalidi, umande ukiwa umeganda na kila jani limevaa unga mweupe, uwanja unavutia mno na watoto wanatamani kuukimbilia. Mtunza uwanja atakuwa ameshafika, amefunga kamba langoni. Maji yaliyomo ndani ya jani yameganda. Mguu ukilikanyaga, kuta za chembe zake hai huvunjika. Siku hiyo hutaona kitu. Baada ya siku chache nyayo zinajitokeza moja baada ya nyingine, za kahawia au nyeusi, kiatu cha kushoto na cha kulia, zikivuka uwanja kutoka pembe hadi pembe, na zitakaa hapo kwa wiki kadhaa kwa kuwa nyasi hazikui kiasi cha kujiponya. Niliwahi kumsikiliza mzee mmoja wa uwanja wa kriketi akiwaeleza hayo vijana waliotaka kupita njia ya mkato. Hakuwafokea. Aliinama, akachuma jani moja, akalikunja likakatika, akawaonyesha. Walizunguka.

Siku isiyo na jalidi ina kazi zake, na nyingi ni za ufagio. Majani ya miti lazima yaondolewe, la sivyo yatalowa, yatagandamana, na nyasi zilizo chini zitakosa mwanga na hewa. Kisha kuna nyungunyungu. Katika miezi ya baridi isiyo kali wao hupanda juu na kuacha vichuguu vidogo vya udongo laini. Fundi mbaya hupitisha mashine juu yake, vikasambaa vikawa tope, na tope likafunika majani. Fundi mzuri husubiri upepo uvikaushe, akaja na ufito mrefu unaonepa, akaupeperusha juu ya nyasi kulia na kushoto huku akitembea polepole. Vichuguu hupasuka na kutawanyika vumbi tupu. Ufito huohuo hupukusa umande asubuhi, kwa sababu unyevu unaokaa juu ya jani saa nyingi ndio unaokaribisha maradhi. Ni mwendo wa mkono ulio rahisi kuutazama na mgumu kuuiga. Ukikosea pembe, ncha inakwama ardhini.

Maradhi yenyewe yanastahili kutajwa, maana hapo ndipo pupa ya binadamu inapoumbuka. Theluji ikikaa muda mrefu, kama inavyokaa Minnesota, chini yake huweza kukua ukungu wa kijivu. Na upo wa waridi usiosubiri hata theluji, baridi yenye unyevu inautosha. Theluji inapoyeyuka unaona mabaka ya mviringo, majani yamelala yameshikana. Mara nyingi mlango wa ugonjwa umefunguliwa na mwenye bustani mwenyewe: alimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni mwishoni mwa vuli, nyasi zikatoa majani mororo wakati zilipotakiwa kukomaa, ukungu ukapata chakula laini. Mtunza nyasi anayejua hupunguza mkono mapema.

Kuhusu mbolea, kuna shahidi mkubwa huko Rothamsted, katika mji wa Harpenden, kaskazini mwa London. Mwaka 1856 lilianzishwa pale jaribio kwenye shamba la majani ya kulishia mifugo, nalo linaendelea hadi leo. Vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka bila chokaa viligeuka kuwa na udongo mchachu, na aina nyingi za mimea zikatoweka. Vipande ambavyo havikutiwa kitu vina mimea ya aina nyingi kuliko vyote. Shamba lile si uwanja wa michezo, lakini kila mwenye gunia la mbolea angefaa kulijua kabla hajalifungua.

Mvua inapozuia kutoka nje, fundi huingia karakana. Nakipenda chumba hicho kuliko uwanja wenyewe: harufu ya grisi, spana zilizotundikwa kwa ukubwa, mashine ya kukata nyasi imelazwa ubavu na petroli imeshamwagwa. Mashine hiyo ina historia ya viwandani. Aliyeibuni ni Edwin Budding, fundi wa Stroud, Gloucestershire, aliyepata hataza mwaka 1830. Wazo alilipata kwenye viwanda vya nguo vya kwao, ambako mashine ya visu vinavyozunguka ilitumika kunyoa manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Kabla yake nyasi za matajiri zilikatwa kwa fyekeo la mpini mrefu, alfajiri na mapema, kwa sababu jani lenye umande hukatika vizuri zaidi. Karibu miaka 200 imepita na kanuni ya Budding haijabadilika: visu vilivyojikunja vinazunguka na kulibana jani kwenye kisu cha chini kilichotulia.

Kwa hiyo fundi ananoa. Anasogeza kisu cha chini kidogokidogo kwa skrubu, kisha anaingiza ukanda mwembamba wa karatasi na kuuzungusha mtungi wa visu kwa mkono. Karatasi ikikunjwa, bado. Ikichanika, bado. Inatakiwa ikatike moja kwa moja, kutoka upande mmoja wa kisu hadi mwingine, bila kisu kusaga kisu. Atarudia sentimita kwa sentimita. Kisu butu hakikati jani, hulirarua. Ncha zilizoraruliwa hukauka zikawa nyeupe, na uwanja mzima huonekana mgonjwa hata kama umelishwa na kumwagiliwa vyema. Viwanja vikubwa vya mpira siku hizi vina mabomba ya kupasha udongo joto na mataa yanayosukumwa juu ya nyasi usiku kucha. Sina ugomvi navyo. Ila hakuna taa inayomwambia mtu kwamba kisu chake kimepoteza makali.

Halafu huja kishawishi kikubwa, siku tatu za jua mwishoni mwa Februari. Ndege wanaimba, majirani wanatoa mashine, kila mtu anataka kuanza. Mtunza nyasi hatazami jua. Huchomeka kipimajoto ardhini. Hewa inaweza kupanda haraka, lakini udongo haudanganyiki upesi hivyo. Hufinyanga kitonge mkononi: kikinata, ardhi bado imelowa, na chochote kizito kitakachopita juu yake kitaikamua hewa ambayo mizizi inaihitaji. Watu wa kriketi ndio wenye mtihani mkubwa hapa. Ligi ya kaunti za Uingereza huanza Aprili, na sehemu ya kuchezea yenye udongo wa mfinyanzi ni lazima ishindiliwe iwe ngumu. Wakianza mapema mno, mtambo unafunga uso wa juu na kuacha ulegevu chini. Wakichelewa, udongo umekauka na haushindiliki tena. Muda unaofaa ni mfupi, na wengi huutambua kwa kidole gumba.

Nyasi zinapoanza kukua kwa hakika, mkato wa kwanza huwa wa juu, unagusa ncha tu. Kanuni ya kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja ni ya kuheshimiwa, kwa sababu jani ndilo jiko la mmea. Ardhi iliyokanyagwa sana hutobolewa kwa uma wa bustani, na palipo wazi hutiwa mbegu udongo ukifika nyuzi 10 hivi. Raigrasi huota ndani ya siku 5 hadi 10, nyingine huchukua hata wiki tatu au nne. Kando ya barabara, chumvi ya kuyeyushia barafu huoshwa kwa maji mengi kabla ya kupanda chochote.

Ndugu zangu mnaoishi huko kwenye baridi, na pengine mwaka huu mmepata nyumba yenye kipande cha nyasi kwa mara ya kwanza: msihangaike kununua mbolea Desemba. Zoeni majani ya miti, zuieni watoto siku ya jalidi, nanyi mtakuwa mmefanya zaidi ya nusu ya kazi. Na mashine ipelekeni kwa mnoaji Januari. Machi kuna foleni.