Vi na kibodi yenye kazi mbili
Katika vi, programu ya kuhariri maandishi iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, herufi haziandiki mpaka ziruhusiwe. Faili ikifunguka, kila kitufe ni amri: x hufuta herufi moja, dd hung'oa mstari mzima, u hurudisha kilichofutwa. Kitufe cha i ndicho kinachofungua mlango wa kuandika, na Esc huufunga. Wengi hukwama hapo hapo, hata kutoka kukawashinda, maana kutoka nako ni amri: :wq huhifadhi kwanza, :q! hutupa mabadiliko yote.

Usumbufu huu ulikuwa na sababu. Joy alitumia terminali ya ADM-3A, isiyokuwa na vitufe vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya h, j, k na l, na mpaka leo herufi hizo husogeza kishale kushoto, chini, juu na kulia. Esc ilikaa pale ilipo Tab sasa, karibu kabisa na kidole. Waliokuja kuisukuma pembeni ni watengenezaji wa kibodi. Tena modemu ya wakati ule ilipitisha takriban herufi 30 kwa sekunde, hivyo kuchora upya skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kulichukua kama dakika nzima. Amri ikawa fupi kadiri ilivyowezekana.

Anayekariri orodha ya amri huchoka upesi. Kinachofaa kujifunza ni jinsi zinavyoungana: d hufuta, c hufuta na kuruhusu kuandika, y hunakili, w ni mwendo wa neno moja, $ ni mpaka mwisho wa mstari. Basi dw hufuta neno, d$ hufuta mstari uliobaki, y3w hunakili maneno matatu. Tuseme ratiba imeandikwa Juni badala ya Julai mahali pengi. Mhariri huandika /Juni na kubonyeza Enter, kisha cwJulai na Esc. Baada ya hapo n humpeleka kwenye Juni inayofuata, na nukta hurudia badiliko lile lile. Pasipostahili kubadilishwa, hubonyeza n tena na kupita.

Vim, toleo lililopanuliwa na Mholanzi Bram Moolenaar na kutolewa mwaka 1991, huja na somo liitwalo vimtutor, la kama nusu saa. Somo lenyewe hufanyika juu ya nakala ya faili, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufuta atakavyo.