Ukaguzi wa Trela Jipya la Safari Kabla ya Kulipokea

Ukaguzi wa makabidhiano ni uchunguzi wa trela jipya la safari unaofanywa kabla mnunuzi hajatia saini hati za mwisho na kulivuta nje ya yadi ya muuzaji. Katika ukaguzi huo kila kifaa huwashwa, hufunguliwa, hujazwa au hupimwa, ili kasoro zijitokeze trela likiwa bado mikononi mwa aliyeliuza. Nchini Marekani, ambako familia nyingi hutumia matrela haya kwa likizo na baadhi huishi humo mwaka mzima, kazi hii imekuwa fani yenye wataalamu wake. Chama cha Taifa cha Wakaguzi wa Magari ya Burudani (NRVIA) hutoa vyeti kwa wakaguzi wa kujitegemea, ambao hulipwa na mnunuzi na kumwandikia yeye ripoti.

Chanzo cha kasoro

Trela la safari ni nyumba na ni chombo cha barabarani. Lina paa, madirisha, mabomba, umeme, gesi na makabati. Lina pia ekseli, breki na taa, na vyote hivyo hutikiswa kwa pamoja kila linapovutwa. Sehemu kubwa ya matrela ya Marekani huundwa katika wilaya ya Elkhart na maeneo ya jirani, kaskazini mwa jimbo la Indiana. Katika viwanda vingi vya huko malipo ya fundi hutegemea idadi ya matrela yanayokamilika, hivyo mwendo wa kazi ni wa kasi. Mwaka 2021, janga la UVIKO-19 lilipowasukuma watu wengi kwenye kupiga kambi, viwanda vya Amerika Kaskazini vilipeleka kwa wauzaji matrela na magari ya aina hii zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa.

Kiwanda chenyewe hakitengenezi kila kitu. Fremu, ekseli, friji, kiyoyozi na hita hutoka kwa kampuni mbalimbali na kuunganishwa na mafundi tofauti. Trela likikamilika huvutwa mamia, wakati mwingine maelfu ya kilomita hadi kwa muuzaji, na njiani skrubu hulegea, viungo vya mabomba hufunguka na milango ya makabati huhama bawabani. Kwa hiyo kasoro nyingi hutokana na uunganishaji: skrubu iliyokosa mbao, gundi iliyoruka sehemu ya mshono, bomba la hewa lisilofika kwenye tundu lake. Kasoro za namna hii hazionekani kwa mtu anayepita mlangoni na kusifia mapazia.

Makaratasi na vibandiko

Ukaguzi huanzia kwenye makaratasi. Namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17 lazima ilingane kwenye kibandiko cha trela, kwenye fremu na kwenye hati za mauzo. Namba hiyo huingizwa katika tovuti ya NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani, ili kujua kama kuna kasoro ya kiusalama ambayo mtengenezaji anapaswa kuirekebisha. Sheria ya shirikisho inamkataza muuzaji kukabidhi gari au trela jipya kabla marekebisho hayo hayajafanywa.

Kibandiko cha uzito husomwa kwa makini. Kinaonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa na kiasi cha mizigo kinachoweza kuongezwa. Maji nayo ni mzigo: tangi la galoni 40, yaani takriban lita 150, likijaa huongeza kilo 150. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela hukaa kwenye mkono wa kuvutia, na pikapu inayolivuta lazima iweze kuubeba uzito huo.

Karibu na mlango huwa kuna nembo ya RVIA, chama cha wenye viwanda. Nembo hiyo ni tamko la mtengenezaji kwamba trela limefuata viwango vya usalama, kikiwemo NFPA 1192 kinachohusu moto, gesi na mabomba. Haina maana kwamba trela hilo mahususi limepimwa kipande kwa kipande.

Paa, kuta na njia za maji ya mvua

Hakuna kasoro inayoharibu trela kuliko maji yanayopenya. Kuta nyingi za kisasa ni tabaka za faibaglasi zilizogundishwa kwenye plaiwudi nyembamba. Maji yakiingia, plaiwudi huvimba, gundi huachia na ukuta hutunga mabonde na vilima. Ukifika hapo, matengenezo yake yanaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya trela lenyewe. Kwa sababu hiyo, baada ya makaratasi paa hukaguliwa kwanza, kwa ngazi, tena mchana.

Paa huwa limefunikwa kwa utando wa mpira au plastiki. Kila tundu lililotobolewa humo, la feni, la antena, la bomba la hewa ya choo, la dirisha la juu au la kiyoyozi, ni mlango wa maji uliozibwa kwa gundi. Mkaguzi hufuata ukingo wa kila tundu kwa kidole na kwa macho akitafuta ufa, kiputo, au kichwa cha skrubu kisichofunikwa. Kisha hushuka na kusimama kwenye kona, akitazama ukuta kwa mshazari ili mwanga wa jua ufichue uvimbe. Ndani, kipima unyevu hupitishwa pembeni mwa madirisha, kwenye kona za dari na chini ya vitanda.

Wakaguzi wenye vifaa hupima kwa hewa. Feni maalumu hufungwa kwenye tundu la dari na kusukuma hewa ndani hadi shinikizo lizidi kidogo lile la nje, madirisha na milango ikiwa imefungwa. Maji ya sabuni hunyunyizwa kwenye mishono yote ya nje. Mahali palipozibwa vizuri hapatokei kitu; palipo na tundu, hata dogo kama la sindano, povu hufura na kuendelea kufura. Palipotoka hewa ndipo mvua itakapoingilia.

Vyumba vinavyosukumwa nje ili kupanua nafasi hutolewa na kurudishwa mara kadhaa. Vinapaswa kutembea bila kupinda wala kukwaruza sakafu. Mpira wa kuziba pembeni hupimwa kwa kipande cha karatasi: kikibanwa kwenye mpira na kuvutika bila upinzani, mpira haugusi sawasawa.

Magurudumu na breki

Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Trela jipya linaweza kuwa na tairi zilizokaa bohari muda mrefu, na tairi ya akiba ndiyo husahaulika zaidi. Upepo hujazwa kwa kufuata kibandiko cha trela. Nati za magurudumu hukazwa kwa spana yenye kipimo, kisha hukazwa upya baada ya safari za mwanzo, kwa kawaida kilomita 16, 40 na 80, kwa kuwa rimu mpya hujikalisha na nati hulegea.

Umbali kutoka kichwa cha kufungia hadi ncha ya kulia ya ekseli hulinganishwa na ule wa ncha ya kushoto. Ukitofautiana sana, ekseli imefungwa upogo na tairi zitalika upande mmoja.

Matrela mengi hutumia breki za umeme. Breki ya gurudumu la kawaida hutumia takriban ampia 3, hivyo trela la magurudumu manne linapaswa kuonyesha karibu ampia 12 breki zikiwashwa kikamilifu. Kipimo pungufu huashiria waya uliokatika au kiungo kibovu. Kisha huja jaribio la breki ya dharura. Pini yenye kamba huchomolewa kwenye swichi yake huku trela likivutwa polepole sana. Magurudumu yanapaswa kukamata papo hapo. Pini hiyo ndiyo tegemeo la mwisho trela likichomoka barabarani, na haifanyi kazi betri ikiwa imekufa au haijaunganishwa.

Umeme

Trela lina mifumo miwili ya umeme: wa volti 12 unaotoka kwenye betri, na wa volti 120 unaotoka kwenye soketi ya kambi. Plagi ya ampia 30 huleta hadi wati 3,600. Ile ya ampia 50, yenye nyaya mbili za moto, hufikisha wati 12,000. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6. Plagi ikiunganishwa, kipimo hupanda na kupita volti 13. Kisipopanda, kifaa cha kuchaji hakifanyi kazi, na betri itaisha usiku wa kwanza.

Kila soketi hupimwa kwa kijaribio kidogo kinachoonyesha kama nyaya zimepishana. Soketi za jikoni na bafuni, zilizo karibu na maji, hubonyezwa kitufe cha majaribio ili kuhakikisha zinakata umeme. Kila taa ya ndani huwashwa, na zile za nje hutazamwa na mtu aliyesimama nyuma ya trela, indiketa moja baada ya nyingine.

Gesi

Regyuleta ya gesi inapaswa kutoa shinikizo la takriban inchi 11 za safu ya maji, sawa na kilopaskali 2.7. Kipimo cha uhakika hufanywa kwa manomita: mfumo hujazwa, valvu hufungwa, na mshale hutazamwa kwa dakika kadhaa. Ukishuka, kuna uvujaji, na maji ya sabuni hupakwa kwenye viungo hadi mahali penyewe papatikane. Kazi hii haifanywi kwa kiberiti.

Kengele ya gesi hufungwa karibu na sakafu kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Kengele za gesi, moshi na kaboni monoksidi hujaribiwa zote, na tarehe za mwisho wa matumizi yake husomwa, kwa kuwa zina maisha ya miaka michache tu. Jiko, oveni na hita ya chumba huwashwa moja moja kisha kwa pamoja, ili kuona kama mwali unabaki wa buluu na wenye nguvu.

Maji

Tangi la maji safi hujazwa na pampu kuwashwa. Mabomba yote hufunguliwa hadi hewa iishe, kisha hufungwa. Hapo mkaguzi hunyamaza na kusikiliza. Pampu nzuri huzima na kubaki kimya. Ikiguruma tena baada ya dakika chache ilhali hakuna bomba lililofunguliwa, mahali fulani maji yanatoka. Tochi hupelekwa chini ya sinki, nyuma ya choo na kwenye kabati la pampu, na karatasi ya shashi hupitishwa kwenye kila kiungo, maana tone dogo huonekana kwenye shashi kabla halijaonekana kwa jicho. Jaribio hurudiwa kwa mpira wa maji wa nje, kwa kuwa njia hiyo ina viungo vyake.

Hita ya maji huwashwa baada tu ya kujazwa, na baada ya maji ya moto kutiririka jikoni bila mikupuo ya hewa. Koili ya umeme ikiwashwa tangi likiwa tupu huungua kwa muda mfupi sana. Kosa hili hutokea hasa pale ambapo valvu za majira ya baridi zimeachwa katika hali ya kuipita hita. Matangi ya majitaka hujazwa kiasi na kumwagwa, ili kuthibitisha kwamba valvu zake zinafungua na kuziba.

Vifaa vya ndani na muda wa kutosha

Friji ya gesi na umeme huchukua saa nyingi kupoa, hivyo muuzaji huombwa kuiwasha siku moja kabla. Kiyoyozi hupimwa kwa kipimajoto: hewa inayotoka inapaswa kuwa na ubaridi wa takriban nyuzi 9 hadi 12 za Selsiasi chini ya hewa inayoingia. Kila droo huvutwa, kila dirisha hufunguliwa na kila ngazi hukanyagwa.

Ukaguzi wa kweli huchukua saa kadhaa. Matembezi ya nusu saa ambayo muuzaji humwonyesha mteja jinsi ya kutumia vifaa ni somo, hayachukui nafasi ya ukaguzi. Njia bora ni kulala usiku mmoja ndani ya trela likiwa bado kwenye yadi, pale muuzaji anaporuhusu, kwa sababu usiku huwasha kila kifaa kwa zamu yake.

Orodha na saini

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kasoro huandikwa, hupigwa picha na kupangwa katika mafungu matatu. La kwanza ni zile zinazosimamisha makabidhiano: maji yanayopenya, gesi inayovuja, breki zisizoshika, fremu iliyopinda. La pili ni zile za kurekebishwa kabla ya trela kuondoka. La tatu ni ndogo zinazoweza kungoja, mradi ziandikwe katika hati ya ahadi iliyotiwa saini na muuzaji, ikitaja kazi na tarehe.

Uzito wa orodha hiyo unatokana na sheria. Kanuni ya shirikisho inayompa mnunuzi siku tatu za kughairi haihusu mauzo ya kawaida yaliyofanyika katika yadi ya muuzaji. Sheria za majimbo zinazomlinda mnunuzi wa gari bovu, katika majimbo mengi, haziyagusi matrela au huziacha nje sehemu za makazi. Sheria ya dhamana ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inasaidia, lakini haki yake hudaiwa baada ya hasara kutokea, na dhamana ya kiwanda mara nyingi ni ya mwaka mmoja, ambao wiki zake zinaweza kuliwa na foleni ya karakana.

Kabla ya saini, muuzaji anataka mauzo yakamilike na fundi wake hupatikana upesi. Baada ya saini, mnunuzi huyohuyo ni mmoja wa wengi wanaosubiri. Mnunuzi asikubali kuharakishwa: kasoro za fungu la kwanza na la pili zirekebishwe, zipimwe upya mbele yake, ndipo atie saini.