Pongezi kwa Chuo Kikuu cha Clark

Chuo Kikuu cha Clark, mjini Worcester, Marekani, kilikuwa kidogo na kichanga kilipotimiza miaka 20 mwaka 1909. Rais wake, G. Stanley Hall, angeweza kuadhimisha kwa karamu na hotuba za kusifiana. Badala yake alialika wanazuoni, akiwemo Sigmund Freud wa Vienna, ambaye wakubwa wa tiba huko kwao walimtazama kwa shaka. Septemba hiyo Freud alitoa mihadhara mitano kuhusu uchanganuzi nafsi, kwa Kijerumani, bila kusoma maandishi yoyote. Kueleza jinsi akili inavyofukuza wazo lenye kuudhi, aliwaomba wasikilizaji wamfikirie mtu mwenye kelele anayetolewa ukumbini, kisha mlango ukazuiwa kwa viti asirudi. Naye akazidi kugonga huko nje.

Wapo watakaosema chuo kilibariki nadharia ambayo sehemu yake kubwa haijathibitishwa. Ni kweli kwamba mengi ya Freud yamepingwa, na kwa haki. Lakini kumpa mtu jukwaa si kumtia muhuri: mwanasaikolojia William James alikuwepo, akasikiliza, na akaondoka na mashaka yake. Isitoshe, jarida la Hall lilichapisha mihadhara hiyo kwa Kiingereza mwaka 1910, kwa hiyo hata wapinzani walipata maandishi ya kuyachambua badala ya uvumi. Chuo kinachosubiri wazo likubalike kwanza kimechelewa kazini. Clark hakikusubiri, na kinastahili heko.